Bomba la kichochoroni: Orangi ilivyonifundisha kazi yangu upya

Masika yakianza, huku kwetu uswahilini Dar es Salaam kuna kazi isiyoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa ila kila mtu anaijua: kutapisha vyoo. Mwenye nyumba anavizia mvua kubwa ya usiku, anatoboa karo upande wa chini, na vilivyomo vinasafiri na maji kwenda kwa jirani, kwa jirani wa jirani, hadi Mto Ng'ombe. Asubuhi watoto wanaruka madimbwi kwenda shule. Na usidhani asiyetapisha ni msafi kuliko wenzake. Mara nyingi amekosa mteremko tu.

Mimi nimekuwa bibi afya sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Sasa nimestaafu, na nyumba niliyoachiwa na marehemu baba ipo Tandale, humohumo nilimokuwa nikigonga milango kukagua vyoo. Nimeandika notisi za kujaza kabati zima. Notisi haijawahi kuchimba mtaro. Mtu ambaye choo chake kimejaa anajua kimejaa, na funza anawaona kabla yangu. Hakosi elimu ya afya. Anakosa mahali pa kupeleka kinyesi. Gari la kunyonya haliingii kichochoroni, na hata mpira wake ukifika, bei inamshinda. Vyura, wale vijana wanaoingia shimoni na ndoo usiku, ni nafuu zaidi, lakini nao mara nyingi wanachimba shimo jingine hapohapo uani na kuhamishia humo.

Kwa hiyo habari za Orangi, mtaa wa Karachi ambako watu walijijengea mabomba ya majitaka wenyewe, zilipoanza kunifikia, kwanza kwenye makaratasi ya kozi fupi, baadaye kwa kujitafutia mwenyewe, sikuzisoma kama habari za Pakistani. Karachi sijafika. Nimesoma tu, nimeangalia picha na ramani mpaka wajukuu wakaanza kunitania.

Orangi iko kaskazini-magharibi mwa Karachi. Watu walianza kujaa huko katikati ya miaka ya 1960, na baada ya vita vya 1971, Pakistani ya Mashariki ilipogeuka Bangladesh, wakimbizi wengi wasemao Kiurdu wakaongezeka. Ardhi ilikuwa ya serikali, ila aliyekata viwanja na kuviuza alikuwa dalali mwenye watu wake polisi na maofisini. Dalali huyo, tumpe haki yake, alipiga mistari iliyonyooka: vichochoro vilivyopangika, nyumba zikitazamana. Maji hakuleta, bomba la majitaka hakuleta. Watu walitumia vyoo vya ndoo au mashimo ya kujaa, na maji ya kufulia na kuogea yakapita katikati ya njia.

Aprili 1980 akatokea huko mzee wa miaka 65, Akhtar Hameed Khan. Historia yake inastahili aya yake. Alizaliwa Agra mwaka 1914, akaingia ICS, ule utumishi wa juu ambao Waingereza waliutumia kuitawala India, akasoma kidogo Cambridge, akapangiwa Bengal. Njaa kubwa ya 1943 ilimkuta huko. Akajiuzulu. Aliyekuwa bwana mkubwa akaenda kijiji kimoja karibu na Aligarh kuishi kama kibarua na kujifunza ufundi wa makufuli. Baadaye akahamia Pakistani, akawa mkuu wa chuo huko Comilla, iliyo Bangladesh ya leo, na kuanzia 1959 akaongoza chuo cha maendeleo vijijini palepale, akiunda ushirika wa wakulima ambao watu wa nchi nyingi walikwenda kuutazama. Mtu wa aina hiyo akiingia mtaani kwako hakuulizi kama umehudhuria semina.

Pesa za kuanzia mradi wake wa Orangi alipewa na wakfu wa benki ya BCCI, kwa ombi la mwanzilishi wake Agha Hasan Abedi. Ndiyo, BCCI ileile iliyofungwa 1991 kwa kashfa iliyotikisa dunia. Pesa ya jambo jema haitoki kila mara kwenye mfuko safi. Nasema hivyo nikikumbuka wafadhili wetu pia.

Miezi ya mwanzo Khan hakujenga kitu. Alizunguka na kuuliza. Watu wakamwambia shida yao kubwa ni majitaka, na wakamwambia pia kwamba serikali itakuja kuyajengea bomba bure, kwa sababu ndani ya kuta ni kwetu, ila njia ni ya serikali. Hapo mimi nilisimama kusoma, nikacheka peke yangu. Ni maneno niliyoyasikia Tandale, Manzese na Mburahati. Ua linafagiwa mpaka linang'aa, taka zinasukumwa hatua mbili nje ya mlango, na hapo mkono wa mwenye nyumba unaishia.

Khan alijua serikali haiji, angalau si kwa bei ile. Bei ya serikali ilibeba faida ya mkandarasi, ada ya mshauri, kitu kidogo cha huyu na cha yule, na viwango vya uhandisi vilivyotungwa kwa mitaa yenye barabara pana. Timu yake, pamoja na msanifu majengo Arif Hasan aliyejiunga nao miaka ya mwanzoni, ikaanza kupunguza kitu kimoja kimoja. Bomba la kichochoroni halihitaji kuzikwa kina kirefu kama bomba la barabara kuu, kwa sababu lori halipiti juu yake. Chemba hazikujengwa tena kwa tofali. Zilimwagwa zege palepale kwa kutumia kalibu za chuma ambazo kichochoro kinaazima, kinatumia, kinarudisha. Kila nyumba iliweka kishimo kidogo cha kunasa uchafu mzito kabla maji hayajaingia bombani. Na hapakuwa na mkandarasi. Mwishowe choo cha ndani, bomba la uani na bomba la kichochoroni kwa pamoja vikagharimu chini ya dola 100 kwa nyumba, pesa ya wakati ule.

Utaratibu wake naupenda kwa sababu hauna urembo. Kichochoro chenye nyumba ishirini au thelathini kinakaa, kinachagua msimamizi wake. Msimamizi anakwenda kwenye ofisi ya mradi kuomba msaada wa ufundi. Mpimaji anakuja na darubini yake, anapima mteremko, anachora, anaandika makadirio: saruji mifuko mingapi, mchanga kiasi gani, kila nyumba itoe ngapi. Kisha anaondoka! Pesa inakusanywa na msimamizi, inakaa kwa watu wa kichochoro, inatumiwa na watu wa kichochoro. Mradi haugusi hata rupia moja, na hautoi hata rupia moja ya kujengea. Ukigoma kuchangia, majirani zako wanahangaika na wewe wenyewe. Hakuna afisa wa kumkimbilia.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mradi wa wafadhili atajua ni kwa nini nimepigia mstari hapo. Kamati zetu huanza na akaunti ya benki, na ugomvi huanza siku ileile.

Kazi haikwenda sawa tangu mwanzo. Sehemu ya zege la awali ilikuwa hafifu, kwa sababu watu hawakulimwagilia maji siku za kutosha likakomaa. Lilikauka na kupasuka. Mradi ukachunguza, ukatengeneza vielelezo vya picha, ukarudi kufundisha kumwagilia zege. Hili nalitaja kwa makusudi. Tunapenda kuhadithiana kwamba wananchi wakiachiwa wanaweza kila kitu. Wananchi wa Orangi waliweza kwa sababu nyuma yao palikuwa na ofisi ndogo ya wataalamu wenye subira, waliokaa palepale miaka nenda miaka rudi, wakijibu swali la zege na swali la mteremko. Walipata ujuzi bure na wakanunua saruji wenyewe. Miradi mingi niliyoiona ilifanya kinyume: saruji ya bure, mtaalamu siku mbili, picha ya pamoja, kwaheri.

Mgawanyo wa kazi ndio moyo wa Orangi. Waliugawa mfumo wa majitaka ngazi nne: choo ndani ya nyumba, bomba la kichochoro, bomba la kukusanyia vichochoro vingi, na mwisho bomba kuu na mtambo wa kusafishia. Ngazi tatu za kwanza wakaziita za ndani, watu wanajenga wenyewe. Ya nne ni ya nje, hiyo ni ya serikali, haikwepeki. Mwanzoni hata ya tatu walidhani serikali ingeifanya. Haikufanya, vichochoro vikaungana vikajenga. Kufikia miaka ya 2000 zaidi ya nyumba 90,000 za Orangi zilikuwa zimejijengea. Hiyo si mfano wa maonyesho. Huo ni mji.

Kisha akaja Parween Rahman, ambaye kwangu mimi ndiye aliyeona mbali zaidi. Alikuwa msanifu majengo, familia yake ikiwa imetokea Dhaka. Alijiunga na mradi mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa binti aliyetoka tu chuoni, na kuanzia 1988 akaongoza taasisi ya utafiti na mafunzo ya mradi. Kazi yake kubwa ilikuwa ramani. Vijana wa mitaani, si wahandisi, walifundishwa kupima na kuchora, wakatembea kichochoro kwa kichochoro wakiandika bomba liko wapi, la kipenyo gani, lilijengwa na nani, linamwaga wapi. Ramani zikaonyesha jambo ambalo ofisi za jiji hazikuwa nalo kwenye makabati yao: sehemu kubwa ya mabomba ya mitaa isiyopimwa tayari ipo, watu wameshayazika, na yote yanafuata makorongo ya asili yanayoshuka kuelekea baharini. Kwa hiyo, akasema, acheni kuchora mfumo mpya kana kwamba ardhi ni tupu. Funikeni makorongo, wekeni mabomba makuu kando yake, wekeni mitambo ya kusafishia mwishoni mwake, muunganishe na kilichopo.

Ramani hizo hazikuishia ukutani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mradi mkubwa wa majitaka Korangi, upande mwingine wa Karachi, wa kiasi cha dola milioni 100, na milioni 70 kati ya hizo zilikuwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia. Watu wa Orangi na wenzao wa mashirika ya mjini wakaonyesha kwa ramani kwamba mpango ule ulipuuza mabomba yaliyokwishajengwa, na kwamba kazi ileile ingefanyika kwa sehemu ndogo ya gharama. Mwaka 1999 gavana wa Sindh, jimbo lenye Karachi, akaufuta mkopo. Hebu fikiria: mkopo wa maendeleo unafutwa kwa sababu vijana wenye futi na karatasi wamethibitisha hauhitajiki! Mimi ningependa kuona hilo likitokea kwetu mara moja tu kabla sijafa. Khan alifariki mwaka huohuo, Oktoba, akiwa Marekani.

Siku hizi kule Bangkok, kwenye makao ya tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi na jamii kwa Asia na Pasifiki, wanakutana kila mwaka kuzungumzia maendeleo endelevu na jumuishi. Sina ugomvi nao. Lakini taarifa za namna hiyo nikizisoma, neno "jumuishi" mara nyingi huishia kwenye nani kaalikwa ukumbini. Orangi walijumuisha kwa njia ya gharama: kitu kikishuka hadi bei ambayo kibarua anaweza kuilipa, kibarua ameshaingia, huna haja ya kumwalika.

Na kuhusu "endelevu", hapo sitaki kuwasifia mpaka nipitilize. Ngazi ya nne ilichelewa sana. Kwa miaka mingi majitaka ya Orangi yaliondoka vichochoroni, ambapo watoto wanacheza, yakaingia kwenye makorongo na kufika baharini bila kusafishwa. Kwa afya ya kichochoro ni ushindi mkubwa. Kwa bahari si ushindi. Makorongo yenyewe yakajaa taka na nyumba zikasogea kingoni. Agosti 2020 Karachi ilipigwa na mvua ambazo hazikuwa zimeonekana kwa miongo mingi, jiji likazama. Zilizofuata ni bomoabomoa: maelfu ya nyumba kando ya makorongo ya Gujjar, Orangi na Mehmoodabad zikavunjwa. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba waliovunjiwa wamevamia njia ya maji. Wenzangu wa Bonde la Msimbazi mnaijua sauti hiyo.

Parween Rahman hakuishi kuyaona. Kutoka kwenye mabomba alikwenda kwenye ardhi, akaanza kuorodhesha vijiji vya pembezoni mwa Karachi ili wenyeji wapate hati kabla wanyang'anyi wa viwanja hawajawafikia. Jioni ya Machi 13, 2013 akipita kwa gari kutoka kazini kwenda nyumbani, alipigwa risasi akafa. Mwaka 2021 mahakama ikawahukumu wanaume kadhaa, na 2022 Mahakama Kuu ya Sindh ikazifuta hukumu hizo. Mchoro wa bomba ni pia ushahidi wa nani anaishi wapi tangu lini. Wanaotaka ardhi hiyo wanalijua hilo vizuri kuliko wapimaji wetu.

Haya, je, Orangi inaweza kuja Tandale? Nimejiuliza hilo nikiwa na kalamu mkononi, na jibu langu ni kwamba inaweza kuja nusu.

Kinachokataa kwanza ni maji ya chini. Orangi ni miamba na miteremko mikali. Bomba likizikwa futi chache linakimbia lenyewe. Kwetu bondeni ukichimba kiunoni unakutana na maji, na mteremko wa kutafuta kwa tochi. Inawezekana, ila pimamaji ya fundi haitoshi, na kosa la inchi mbili litarudisha kila kitu chumbani kwa mtu. Pili, dalali wetu hakupiga mistari. Vichochoro vyetu vinapinda, vingine vinaishia kwenye choo cha mtu, na kumpata mwenye choo akubali bomba la wengine lipite chini ya ukuta wake ni shughuli ya mjumbe, imamu na shangazi zake kwa pamoja.

La tatu ni gumu zaidi, na sijaliona likizungumzwa vya kutosha. Orangi wengi walikuwa wanakaa kwenye nyumba zao wenyewe. Uswahilini kwetu nyumba ya vyumba sita ina familia sita, choo kimoja, na mwenye nyumba anakaa Mbagala au Chanika, anakuja kuchukua kodi ya miezi sita. Mpangaji hana sababu ya kununua saruji ya bomba ambalo litamfanya apandishiwe kodi. Mwenye nyumba hana sababu, kwa sababu harufu haimfikii. Ukiwaita watu wachangie bila kulisema hili, watakaochangia ni akina mama wazee wanaoishi kwenye nyumba zao, kama mimi, na mtandao mzima utasimama kwa sababu ya nyumba tatu za watu wasiokuwepo.

Vingunguti wamejaribu mabomba mepesi ya kupitisha majitaka kutoka majumbani hadi kwenye mabwawa ya kusafishia yaliyopo kata ileile. Hiyo ndiyo bahati yao: ngazi ya nne wanayo mlangoni. Sisi wa Tandale hatuna, na bila ya hiyo tungekuwa tunatapisha kwa bomba badala ya kutapisha kwa mvua. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu yeyote achangie, mamlaka ya majisafi na majitaka iseme kwa maandishi bomba lake kuu litapita wapi na litafika lini. Thailand walionyesha kwamba serikali inaweza kushika upande wake: tangu 2003, kwa mpango wao wa Baan Mankong, vikundi vya watu wa mitaa maskini hupewa ruzuku ya miundombinu na mkopo wa nyumba na ardhi, wakapanga wenyewe na mafundi wakawachagua wenyewe. Pesa ya umma ilikwenda hadi kikundini. Sioni kwa nini halmashauri zetu zisifanye walau na vichochoro kumi.

Kwa upande wetu nimeshaanza na kitu kisichohitaji ruhusa ya mtu. Vijana watatu wa mtaa, mmoja anaendesha bodaboda, wanachora kichochoro chetu: kila karo, kila ukuta, maji yanaelekea wapi mvua ikinyesha. Mjumbe alipata wasiwasi akadhani tunapima kwa ajili ya kuuza, ikabidi tumwonyeshe daftari. Kuhusu wapangaji, pendekezo langu nimeliandika na nitalipeleka serikali ya mtaa: mpangaji anayechangia bomba apewe karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti, kiasi hicho kikatwe kwenye kodi yake inayofuata, na mwenye nyumba asipandishe kodi mwaka mzima. Wenye nyumba wawili nilioongea nao wamekubali la kukata kwenye kodi. La kutopandisha kodi wamesema tutaongea.